Gari la Shemeji Kwenye Mizani

Dada yangu alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha hata moja. Kulikuwa na mashine nne, pasi ya kubana yenye ukubwa wa meza ya kulia, na mapipa ya magurudumu yaliyoletwa kila asubuhi yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa mgonjwa unaweza kutoa. Aliingia jua halijachomoza, akatoka likiwa limezama. Mchana wa mji huu aliujua siku za mapumziko tu, na siku hizo nazo alizimalizia kufua nguo za nyumbani kwake.

Kazi ilimkaa mikononi. Akikunja shuka, pembe inakutana na pembe mpaka unaona haya kulilalia. Hata kitambaa cha kufutia meza kwake kilikuwa na mistari ya pasi. Ukimwuliza atafanya nini akistaafu, jibu lake lilikuwa moja tu: "Nataka dirisha, mdogo wangu." Mimi, kwa akili zangu fupi, nilidhani anazungumzia dirisha la jikoni, maana lile la kwake lilikuwa linatazama ukuta wa jirani.

Mumewe, yaani shemeji yangu, ni seremala wa majeneza. Mtaani walimwita Fundi Mwisho, naye hakukasirika, aliona ni sifa. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikosesha raha tangu siku alipokuja kuposa. Akikusalimia, anakutazama kichwani, anateremka polepole mpaka miguuni, kisha anatazama mabega. "Shemeji, hujambo?" Na wewe unajua kabisa kwamba umeshapimwa. Alikuwa mtu mpole, hanywi, hagombani, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo.

Siku dada aliponipigia simu kuniambia wameuza nyumba, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mpaka leo sijui kilianguka vipi.

"Mmeuza nyumba gani?"

"Tuna ngapi?"

"Dada, mtakaa wapi?"

"Kwenye gari," akasema, kama mtu anayekuambia atakaa sebuleni. "Shemeji yako amenunua gari la kusambazia mikate. Anatutengenezea chumba ndani. Tutakwenda tutakakotaka, tukichoka tunalala, tukiamka tunaendelea."

Nilikaa kwenye kiti, nikamwita mume wangu, nikamwambia dada yangu amerogwa. Mume wangu akasema kila mtu na maisha yake, akageuza ukurasa wa gazeti. Nilitoka na kanga ya nyumbani hivyo hivyo nikaenda kuwatukana.

Nilikuta gari limeegeshwa nyuma ya karakana, kuukuu, ubavuni bado linaonekana umbo la mkate chini ya rangi mpya. Dada akanifungulia mlango wa nyuma kwa madaha. Lazima niseme kweli, matusi niliyokuja nayo yaliniishia pale mlangoni. Ndani kulikuwa na nyumba! Kabati za mbao ngumu nyekundu zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Meza inayokunjwa ukutani. Jiko la visahani viwili na mtungi wa gesi uliofungwa mkanda usitikisike. Tangi la maji, beseni la kuoshea vyombo, ndoano za vikombe. Mwisho kabisa kitanda kilichokaa juu ya msingi wa mbao zile zile, kipana, kimetandikwa kihospitali. Na pembeni mwa kitanda, Fundi alikuwa amekata bati la gari na kuweka dirisha. Dirisha kubwa, la kioo safi, refu kama mto wa kulalia mara mbili.

"Njoo ulale hapa," dada akaniambia. Nikalala. "Unaona nini?"

"Naona karakana."

"Leo ndiyo unaona karakana," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu tukiwa wasichana. Nyumba usiyolala hujui ila yake, wamesema wahenga, na mimi nililala pale dakika mbili tu nikanyanyuka.

Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku mawili marefu, yamekaa sambamba, yakishikilia godoro. Ukiinua godoro na chaga unakuta vifuniko. Moja dada alipangia mablanketi na nguo za baridi, la pili Fundi aliweka nguo zake. Niligonga moja kwa kidole, likajibu kwa sauti nzito. Nikasema shemeji yangu anajua kazi.

Walilala ndani ya gari hilo miezi miwili, hapo hapo nyuma ya karakana, wakisubiri mnunuzi wa nyumba amalize malipo, na kibali cha barabarani. Maana serikali haikuruhusu gari la mizigo ligeuzwe nyumba ya kulala watu mpaka likaguliwe na kupimwa. Walipewa kibali cha muda, na kikawekewa tarehe ya mwisho. Fundi, kama kawaida yake, akaendelea kupiga randa, akaacha ukaguzi mpaka siku ya mwisho yenyewe. Siku hiyo ndiyo mnunuzi naye aliyotaka funguo. Kwa hiyo asubuhi walikabidhi nyumba na karakana, na ilipofika saa nne walikuwa hawana paa lolote duniani isipokuwa lile la gari la mikate. Gari likikataliwa, linazuiwa uwanjani pale pale.

Niliwasindikiza. Viti vya mbele ni viwili, mimi nikakaa kitandani, nikitazama mji kupitia lile dirisha, nikilia kidogo bila kutaka kuonekana.

Uwanja wa ukaguzi ni saruji tupu, foleni ya malori, kibanda cha kioo, na mizani ya kupandwa na gari zima. Juu ya kibanda kuna namba nyekundu ambazo kila mtu anaziona. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye fulana ya rangi ya chungwa na kalamu sikioni. Akakagua breki, akakagua taa, akasifia mbao. Kisha akasema, "Pandeni mizani. Mwisho wenu ni elfu tatu na mia tano, na wenyewe mkiwa ndani."

Tukapanda. Namba zikahangaika, zikatulia: elfu tatu mia saba sitini na tano.

"Mna mtu wa ziada," mkaguzi akasema, akinitazama mimi. "Mama, shuka."

Nikashuka. Mbele ya madereva wa malori kumi na wawili, namba ikateremka kwa kilo themanini na tano. Mmoja akapiga mluzi. Ningepewa nafasi ya kuingia ardhini siku ile, ningeingia.

Lakini bado zilizidi mia moja na themanini, na hapo aibu yangu ikaisha, hofu ikaanza. Nilimtazama dada kupitia kioo cha mbele. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Hakuwa na mahali pa kurudi.

Ninachojua mimi kuhusu maseremala wa samani ni kwamba wanajali uzito wa kitanda siku ya kukihamisha tu. Seremala wa majeneza hajali kabisa, maana jeneza hubebwa na watu sita, tena mara moja. Shemeji yangu alikuwa amejenga gari zima kwa mbao za watu sita.

Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Nikafikiri ataanza na kabati. Akaanza na jiko. Akalitoa, na mtungi wa gesi, akaviweka kwenye saruji. Thelathini na mbili zikapungua. Akatazama beseni, akaanza kulegeza skrubu zake.

"Utapika wapi?" dada akauliza kutoka mbele.

"Tutanunua chakula."

"Na hilo beseni?"

Alikuwa tayari kufungua kila kitu ambacho mtu hukitumia akiwa hai, na kitandani hakugusa. Hata mkaguzi alianza kuona kuna jambo.

"Mzee, hizo mbao za chini ya kitanda ndizo nzito. Kuna nini humo?"

"Masanduku ya nguo."

"Yatoe, tuyaone."

"Hayo hayatoki," Fundi akasema. "Ndiyo yanashika kitanda."

Dada alishuka, akaja nyuma, akainua godoro yeye mwenyewe. Akatoa mablanketi yake kutoka sanduku la kushoto, akayapanga sakafuni, pembe kwa pembe, kisha akawaita wapakuzi wawili wa pale uwanjani. Wakalishika. Lilikuwa limepachikwa kwa vipimo hata kidole hakipiti, likatoka likilia. Lilipofika mwangani, wale vijana wakaliachia ghafla, wakarudi nyuma hatua mbili.

Ubavuni, upande uliokuwa umejificha ukutani, kulikuwa na vishikio vitatu vya shaba. Na upande wa pili vitatu. Kichwani mwake, upande nao uliokuwa umejificha ukutani, kulikuwa na kibati kidogo kilichochongwa vizuri. Jina kamili la dada yangu. Mwaka wake wa kuzaliwa. Kistari. Kisha nafasi tupu.

Wanasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi siku ile niliyaona yote mawili kwa pamoja. Dereva mmoja wa lori alivua kofia, bila shaka kwa mazoea tu, kisha akaona hakuna maiti, akairudisha.

Dada alisoma kile kibati. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili umenilaza juu ya jeneza langu."

"Si ulilala vizuri?" Fundi akasema, na naapa hakuwa anatania.

"Na lile jingine ni lako?"

"Langu."

"We mwanaume!" nikafoka. "Una akili kweli wewe? Mtu anakwenda matembezi na..."

"Mdogo wangu, nyamaza," dada akaniambia. Nikanyamaza.

Hapo ndipo Fundi Mwisho alipozungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo, kabla wala baada. Alizungumza akiwa ametazama saruji.

"Jeneza la baba yangu nilitengeneza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndio kwanza najifunza kazi. Alifia safarini, tukaambiwa azikwe huko huko, siku ile ile. Nikaokota mbao nilizoziona, za makasha ya sabuni, misumari mifupi. Tulipokuwa tunamshusha, kitako kikaachia. Baba akatangulia, sanduku likafuata. Watu wote wanaona. Tangu siku ile sijawahi kupiga msumari kwenye jeneza, naunga mbao kwa mbao. Sasa mimi na wewe tunakwenda mbali. Tukifia huko, nani atatutengenezea? Nani?"

Mimi niliyemtukana nusu dakika nyuma nilijisikia kama mwizi. Miaka yote hiyo nilidhani ananipima kwa tamaa ya kazi.

Dada alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo alipotisha. "Pole. Ungeniambia. Lakini mimi miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya waliokufa. Yanakuja bado yana joto. Nikakwambia nataka kutoka mle ndani, ukasema sawa, twende. Kumbe umelichukua lile shimo ukaliweka chini ya kitanda." Akawageukia wapakuzi. "Langu libaki hapa." Kisha akamwambia mumewe, "Lako, amua mwenyewe."

Akarudi kukaa mbele. Fundi naye akapanda kwenye usukani. Mkaguzi akasoma namba kwa sauti, ingawa sote tuliziona. Elfu tatu mia tano sitini na nne.

"Bado sitini na nne. Tufunge hesabu, mzee, nina foleni. Toa na lile la pili, mwende zenu."

"Lile haliwezi kutoka," Fundi akasema. "Toa meza. Toa milango ya kabati."

"Meza na milango haifiki sitini."

"Lile haliwezi kutoka, mama. Nisamehe."

Mlango wa upande wa dada ukafunguka. Alishuka bila haraka, kama anashuka ngazi za kazini. Akatembea juu ya bamba la mizani mpaka ulipo mstari wa manjano, akauvuka, akasimama upande wetu, akageuka kulitazama gari.

Namba nyekundu zikahangaika, zikatulia. Elfu tatu mia nne tisini na nane.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kazi yake, hana budi kusema kilichoandikwa. "Sasa liko sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa mtu mmoja."

Fundi alikuwa ameshika usukani, anatazama kupitia kioo cha mbele, na pale mbele yake juu ya kibanda palikuwa na hesabu yenyewe, haina siri. Gari, yeye na jeneza lake vinapita. Mke hapiti. Nilimshika dada mkono, ulikuwa wa baridi, nikajua kwamba na yeye hajui. Mtu aliyelala naye miaka thelathini na minne, na alikuwa hajui atafanya nini. Nilichoogopa zaidi ni kwamba mtambo wa gari ulikuwa bado unawaka.

Fundi hakuachia usukani. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi, mkaguzi akalionyesha kiganja, likaacha.

Kisha mtambo ukazimika. Fundi akashuka, akaenda nyuma, akapanda ndani. Tukasikia chaga zikitupwa, nguo zikimwagwa sakafuni. Hakuwaita wapakuzi. Alilivuta peke yake, mzee wa miaka sitini na tatu, hatua kwa hatua, na wale vijana wakaona haya wakamkimbilia. Wakaliweka kwenye saruji kando ya lile la dada. Akalifunga kifuniko vizuri, akapitisha kiganja juu ya mbao mara moja, akaliacha. Akalibeba jiko akalirudisha mahali pake, akafunga mkanda wa mtungi wa gesi. Kisha akatoa jiliwa yake ya chuma, ile ya kubania mbao, aliyoirithi kwa mwalimu wake wa kazi, akaiweka juu ya jeneza maana jiko lilikuwa limerudisha uzito. Alipokuja mpaka mstari wa manjano alikuwa anahema.

"Panda," akamwambia dada.

"Sema vizuri."

"Panda, mke wangu."

"Na ukifia njiani?"

Alifikiri. Niliona kabisa anafikiri, midomo inatikisika. "Basi nitakuwa nimefia njiani," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya madereva wote wale, na hakuyafuta.

Wakapanda wote wawili. Elfu tatu mia nne tisini na sita. Mkaguzi akagonga muhuri, akawapa karatasi kupitia dirishani, akawaambia wasinunue mizigo njiani. Dada alinipungia mkono mara moja. Godoro lilikuwa limelala sakafuni, nililiona mlango ulipokuwa unafungwa. Wakaondoka.

Mimi nikabaki uwanjani na majeneza mawili. Nilikodi gari dogo la mizigo. Dereva alipoyaona akanipa pole, akauliza msiba ni wa lini. Nikamwambia wenyewe wazima, wamekwenda matembezi. Akanitazama, akapanda gari lake, akaondoka. Wa pili sikumweleza kitu. Nililia njia nzima, naye akaendesha kwa heshima.

Jioni nilimsimulia mume wangu, neno kwa neno, mezani, chakula kikipoa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akatikisa kichwa, akasema shemeji yule ni mtu wa ajabu. Nikamwuliza ingekuwa yeye ndiye amekaa kwenye usukani, na mimi nimesimama nyuma ya mstari, angefanya nini. Akachukua kijiko, akakoroga mchuzi wake.

"Kwani wewe siku hizi una kilo ngapi?" akauliza.

Nikamtajia.

Aliendelea kukoroga.